Idi Mubarak wapendwa, na dua moja kwa watu wa Khartoum

Assalam aleykum ndugu, jamaa na marafiki, Idi Mubarak, taqabbalallahu minna wa minkum, mwezi umeandama na Mungu atupokelee funga zetu. Huku kwetu leo jikoni hakulaliki, mama kashaloweka mchele wa pilau, watoto kila saa wanaenda kuchungulia nguo zao mpya, na mi nimekaa barazani na simu yangu, na kama kila usiku wa Idi mawazo yashanipeleka Sudan.

Wanaokumbuka 2019 watanielewa. Ramadhani ile vijana wa Khartoum waliifunga barabarani, mbele ya makao makuu ya jeshi. Walianza kukaa pale tarehe 6 Aprili, tarehe 11 rais Omar al-Bashir akaondolewa baada ya miaka 30 madarakani, lakini hawakurudi majumbani kwa sababu waliokalia kiti chake ni majenerali wake yeye mwenyewe. Jambo lenyewe lilichochewa na mkate jamani, Disemba 2018, mkate wa pauni 1 ukawa pauni 3, Atbara mji wa wafanyakazi wa reli ukawaka, na Aprili ikatoka treni huko imejaa watu mpaka juu ya paa wanaenda kuwaunga mkono wenzao. Wakawa wanafuturu pamoja pale pale chini, afu alfajiri ya mwezi 29 Ramadhani, tarehe 3 Juni, Idi inabisha hodi, wakavamiwa. Wakauliwa watu zaidi ya 100, miili mingine ikatupwa Nile, intaneti ikazimwa. Mi nawaza zile kanzu za Idi zilizobaki zimekunjwa hazina wa kuzivaa.

Wapo wanaosema walishindwa kwa kukosa umoja, na hapo mi nakataa kabisa. Madaktari, walimu na wahandisi walikua na jumuiya yao moja, kila mtaa una kamati yake, na tarehe 30 Juni, damu haijakauka, wakajaa tena barabarani. Umoja zaidi ya huo unatoka wapi? Kilichowaangusha ni kwamba aliondoka mtu, bunduki na pesa zikabaki pale pale. Jeshi lina makampuni yake, Hemedti, mkuu wa kikosi cha wanamgambo cha RSF, ana wapiganaji wake na dhahabu ya Darfur, sasa watu kama hao ukiwaambia warudi kambini wawaachie raia nchi hujawaomba cheo tu, umewaomba na mfuko wao. Tunisia 2011 rais Ben Ali alikimbia, jeshi lake lilikua dogo, halina biashara kubwa za kulinda, na chama cha wafanyakazi UGTT kilikua na nguvu ya kuwakalisha wanasiasa meza moja, ndo maana wakapata angalau miaka 10 ya kupumua japo 2021 nako mambo yakageuka.

Na Wasudani hawakua wageni wa haya, hilo ndo linaniuma zaidi. 1964 walimtoa jenerali Abboud aliyekua anatawala, wanajeshi wakarudi 1969. 1985 wakamtoa Nimeiry, yule mwanajeshi aliyeshika nchi 1969, tarehe 6 Aprili hiyo hiyo, wanajeshi wakarudi 1989. Safari hii wakakubali kugawana madaraka nao, na tarehe 25 Oktoba 2021, wiki chache kabla raia hawajakabidhiwa uenyekiti wa baraza la kutawala nchi, mkuu wa jeshi Burhan na Hemedti wakapindua. Afu wakageukiana wao kwa wao, tarehe 15 Aprili 2023, Ramadhani tena, na vita ikaingia mpaka vyumbani mwa watu.

Ila zile kamati za mitaa hazikufa. Vijana wengi wale wale waliokua wanaandamana ndo wakaanza kupika, masufuria makubwa ya dengu na maharage kwa mtaa mzima, wanatafuta dawa, wanatoa watu kwenye mapigano, na wengine wameuliwa kwenye kazi hiyo hiyo. Sijui mtu anawaitaje hawa walioshindwa.

Basi kesho baada ya swala, kabla hamjaanza kupeana mikono ya Idi, naomba mniitikie dua moja tu kwa ajili yao, na mwenye jirani au rafiki Msudani ampelekee sahani ya pilau amwambie kwa lugha yao kul sana wa intu tayibin, yaani kila mwaka muwe wazima. Idi njema nyote, na kina mama walioko jikoni mpaka saa hizi Mungu awalipe.