Barua kwa mwanangu anayewapeleka vijana Lancaster

Musoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba vijana 12 wa ushirika wenu wamekuchagua uwapeleke Lancaster, Pennsylvania, mkae siku nne mkitafakari maisha ya Waamish na Wamennonite, Wakristo wale wanaobatiza watu wazima tu. Nimefurahi kuliko nilivyoweza kusema kwenye simu. Wamisionari waliofika Shirati, hapa mkoani kwetu Mara, mwaka 1934 walitumwa na Wamennonite wa Lancaster hiyo hiyo, kwa hiyo mnakwenda kwa watu wa ukoo. Na kwa watu wa ukoo mtu hupiga hodi.

Hodi yenyewe ianze mapema. Familia ya Kiamish inayowapikia wageni haina simu sebuleni. Simu iko kwenye kibanda kidogo nje, mara nyingi karibu na barabara, na ujumbe husikilizwa mara moja au mbili kwa siku. Acha ujumbe mfupi: jina lako, namba, idadi ya watu, tarehe. Kisha subiri siku mbili tatu, usipige tena na tena. Anza wiki sita kabla. Epukeni Novemba, maana mavuno yakiisha harusi huanza, kwa desturi Jumanne na Alhamisi, na wageni mia kadhaa hulishwa nyumbani kwa bibi harusi. Hakuna mama atakayekuwa na nafasi ya kuwapikia ninyi. Mwisho wa Septemba unafaa zaidi. Mahindi yanakatwa na kujazwa kwenye silo, ghala refu la malisho ya mifugo, na mtaona nyumbu wakivuta mashine shambani. Nyumbu hao ni chotara wa punda na farasi, siyo wale wanaovuka mto Mara.

Barabarani mtaona magari ya farasi ya rangi mbili. La kijivu ni la Waamish wa hapo. Jeusi ni la Wamennonite wa mkondo wa kale, ambao wana umeme majumbani, hupanda baiskeli, na hulima kwa trekta la magurudumu ya chuma ili lisije likageuzwa gari la kwendea mjini. Mwamish wa Lancaster hapandi baiskeli. Husukuma skuta kwa mguu. Akishaoa hufuga ndevu bila masharubu, na ibada yao huzunguka nyumba kwa nyumba kila Jumapili ya pili, mabenchi yakibebwa kwa gari maalumu. Wamennonite wa gari jeusi hunyoa ndevu na wana nyumba za ibada. Lakini Wamennonite walio wengi leo huvaa na kuendesha magari kama majirani zao, hata ukisimama na mmoja wao sokoni hutamtambua. Dereva wenu asipige honi nyuma ya farasi, na apite kwa nafasi pana pale tu anapoona mbele vizuri. Farasi akishtuka huingia mtaroni na familia nzima.

Kwenye habari ya umeme natamani mtulie zaidi. Wageni wengi huondoka wakiamini kwamba Waamish wanaogopa mashine. Waombe wenyeji wawaonyeshe karakana. Injini ya dizeli iko pembeni, inazungusha kompresa, na hewa inapita kwenye mabomba hadi kwenye drili, msumeno, wakati mwingine hata cherehani. Friji inatumia gesi, taa inatumia betri. Walichokataa tangu miaka ya 1920 hivi ni waya wa kampuni ya umeme unaoingia nyumbani, kwa kuwa waya huo huingia na mengine yote. Kila kifaa hupimwa kwa swali moja: kitaujenga ujirani wetu au kitautawanya? Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, ushirika mzima, kwa kawaida kaya kati ya 25 na 40, hukaa kikao na kupitia kanuni zao, wanazoziita Ordnung. Kila mmoja hueleza kama ana amani na mwenzake. Mgogoro ukiwa mzito, Meza huahirishwa hadi watu wapatane. Hilo ndilo ningependa vijana wabaki nalo usiku wa kwanza: kwetu ni nani hukaa pamoja na kuamua kabla kitu kipya hakijaingia nyumbani?

Mezani hakuna sala ya sauti. Baba akiinamisha kichwa, inameni, nyamazeni, msiinue macho mpaka yeye ainue. Mkimaliza kula mnainama tena. Vijana wetu wamezoea kwamba kimya kinahitaji kujazwa wimbo. Hapo mtu hukosea kwa nia njema kabisa, kwa hiyo fanyeni mazoezi kabla. Chakula ni kuku, viazi vya kuponda, tambi kwenye siagi, achali ya mboga na pai ya molasi. Uliza mapema kama kuna nyama ya nguruwe, kwa ajili ya wasioila. Utasikia mtoto akimwita mtu mzima kwa jina tupu. Kwao vyeo havitumiki, si ukosefu wa adabu. Nanyi salimieni kwa adabu yenu ya kawaida.

Picha za nyuso, msipige. Wanashika amri ya Kutoka 20:4, na wanaona picha humkweza mtu mmoja juu ya wenzake. Hata picha ya kuibia ukiwa ndani ya basi ni picha. Simu zote ziingie kwenye kikapu asubuhi, abaki nayo dereva tu. Na msivae kama wao. Nguo zenu za heshima zinatosha.

Ijumaa nendeni Ephrata, kwenye ghala la Mennonite Central Committee, shirika lililoanza mwaka 1920 kwa ajili ya wenye njaa kule Urusi na Ukraine. Kikundi lazima kiandikishwe kabla. Mkipewa kazi ya kushona mablanketi ya viraka, matabaka matatu yanatandazwa kwenye fremu, kisha yanashikwa kwa mafundo, uzi ukipita hadi chini na kurudi juu. Fundo ni mara mbili: kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande ule ule fundo litateleza blanketi likifuliwa, na ujazo wa ndani utajikunja pembeni.

Jumamosi tembeleeni nyumba ya Hans Herr, ya mawe, yenye 1719 kwenye kizingiti. Wamennonite walioijenga walikuwa wamekimbia mateso ya Uswisi, ambako ubatizo wa watu wazima ulianza Zürich mwaka 1525 na waumini wakafungwa, wengine wakauawa. Kwenye kiwanja hicho hicho kuna nyumba ndefu ya mfano ya wenyeji wa asili. Msiipite haraka. Desemba 1763 kundi la wazungu wenye silaha liliwaua Wakonestoga 20, wenyeji wa asili wa eneo hilo, 14 kati yao wakiwa wamehifadhiwa ndani ya mji wa Lancaster. Wakimbizi walipata amani kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe, na vijana wanapaswa kubeba yote mawili.

Mtu ataomba muende Nickel Mines, ambako wasichana 10 wa Kiamish walipigwa risasi shuleni tarehe 2 Oktoba 2006 na watano wakafa siku hizo. Kataa. Shule ilibomolewa siku kumi baadaye, na familia zilizofiwa zinaishi hapo hapo. Habari yao isomwe jioni mkiwa peke yenu: siku ile ile Waamish walikwenda kwa familia ya muuaji, na baadaye wakasimama kwenye maziko yake.

Kila jioni wape dakika 20 za kuandika kimya kabla mtu hajasema neno. Wakianza kwa kuongea, wasemaji wawili watawameza wengine. Jumapili salini kwa Wamennonite wa mjini, wanaopokea wageni. Ibada ya Kiamish ni ya saa tatu kwa Kijerumani na huendi bila kualikwa. Siku hiyo hakuna cha kununua kwa Waamish, kwa hiyo jibini na mikate mchukue Jumamosi. Malipo ya chakula yawe taslimu, kwenye bahasha, mkononi mwa mama wa nyumba.

Mama yako

Nisalimie wenzako wote.