Nani atoe amri ya kuingia? Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Kenya

Mheshimiwa Inspekta Jenerali,

Tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, mwendo wa saa kumi na moja na nusu. Recce, kikosi maalumu cha polisi, kilivamia bweni walimokuwa jioni ya siku hiyo, na kazi ikaisha kwa muda usiotimia nusu saa. Kufikia hapo watu 148 walikuwa wameshauawa, 142 kati yao wanafunzi.

Vijana wa Recce siwalaumu. Wao walikuwa upande wa Nairobi, kilomita zipatazo 370, na ndege yao ilichelewa kuondoka. Ninaowaulizia ni waliokuwa Garissa tangu asubuhi: polisi wa pale na wanajeshi wa kambi iliyo mjini humo humo. Walifika, wakauzingira ua wa chuo, wakarushiana risasi na wauaji, halafu saa zikapita.

Kuzingira kuna mahali pake. Mtu aliyejifungia na mateka akidai kitu, mtazungumza naye hata hadi kesho. Aliyeingia shuleni kuua hana la kuzungumza. Ukimwachia dakika tano, anahamia chumba cha pili. Marekani walijifunza hilo mwaka 1999, shule ya Columbine iliposhambuliwa na polisi wakabaki nje wakisubiri kikosi maalumu, na tangu hapo mafunzo yao yanasema anayefika kwanza aingie. Hata hivyo, katika shule moja ya Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022, maofisa 376 walifika na bado dakika 77 zilipita kabla ya muuaji kukabiliwa, huku watoto wakipiga simu ya dharura kutoka ndani ya darasa. Walikufa watoto 19 na walimu wawili. Mafunzo walikuwa nayo! Ila mkuu mmoja alimchukulia muuaji kama mtu aliyejifungia tu, na wengine wakamtazama yeye. Mwaka uliofuata, katika shule moja ya Nashville, huko huko Marekani, polisi waliofika waliingia wakiufuata mlio wa risasi, na dakika kama 14 tangu simu ya kwanza mshambuliaji alikuwa amekufa. Hata kwa haraka hiyo, watu sita walikuwa wameshapotea.

Naomba basi iandikwe kwenye amri za kudumu za polisi kwamba shule ikishambuliwa, ofisa wa kwanza kufika, hata awe konstebo wa juzi, ana ruhusa na wajibu wa kuingia bila kungoja simu ya Nairobi. Na si haki kumtuma kifua wazi. Apewe fulana ya kuzuia risasi, redio inayoshika, na wenzake waliofanya naye mazoezi ya kuingia pamoja. Garissa, Wajir, Mandera na Lamu waanze.

Mazoezi yenyewe yatangazwe mapema, tafadhali. Novemba 2015 Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la shambulio ambalo wengi hawakujua ni zoezi. Watu wakaruka madirishani, na mfanyakazi mmoja akafa.

Nina swali moja ambalo ningependa ulijibu hadharani. Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri, shule ya bweni pale Garissa ikivamiwa, ni nani atakayesema "ingieni", na atakuwa kilomita ngapi kutoka langoni?

Wako mwaminifu,
Mzazi wa mwanafunzi wa bweni