Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kutoka shamba la matufaha

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Mu wazima? Sisi huku Somerset, Uingereza, tu wazima, ila baridi inatuandama.

Nauliza uzima wenu nikikumbuka salamu ya kale ya huku. Aliyeinua kikombe alisema "wæs hæl", yaani "uwe mzima", na mwenzake akaitikia "drinc hæl", kunywa uwe mzima. Salamu hiyo ikaja kuwa jina la sherehe nzima, wassail. Majira ya Krismasi watu walipita nyumba kwa nyumba wakiimba, wamebeba bakuli la mbao lenye pombe ya moto, viungo na matufaha ya kuchoma.

Kinachonigusa zaidi ni cha mashambani, maana huko mti nao husalimiwa! Kijijini Carhampton watu huuzunguka mtufaha usiku wa tarehe 17 Januari. Ndio usiku wa kumi na mbili wa Krismasi kwa hesabu ya zamani, kabla ya siku 11 kuondolewa kwenye kalenda ya Uingereza mwaka 1752. Shinani humwagwa saida, ile pombe ya matufaha. Matawini hutundikwa mkate wa kuchoma uliochovywa humo, riziki ya ndege wadogo wenye kifua chekundu, ambao husemwa ndio roho njema za mti. Bunduki hulia kufukuza pepo wabaya, kisha mti huimbiwa uzae.

Mahali pengi desturi hii ilififia, na mitufaha mingi ikang'olewa. Kijiji cha Whimple, Devon, kiliifufua mwaka 1993, na vingine vingi vimefuata. Sidhani kama waliokuja kwenye wassail ya huku kwetu mwaka jana wote waliogopa pepo. Januari jua huzama saa kumi na nusu jioni, kila mtu akajifungia kwake. Usiku ule nilizungumza na majirani ambao mwaka mzima tulikuwa tukipungiana mikono tu. Nikapewa kikombe cha juisi ya moto, nikaushika mti, nikauambia kwa Kiswahili: uwe mzima.

Tarehe 17 tutakwenda tena. Watoto wameshachagua masufuria ya kugonga, kuwafukuza hao pepo.

Nanyi pia, popote mlipo, wæs hæl. Muwe wazima.