Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya misitu: tupimwe kwa kesi, si kwa malori

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa mpelelezi wa makosa ya misitu. Jina langu na kituo changu naomba vibaki pembeni, kwa sababu majalada ninayoyashughulikia bado yako wazi na wapo mashahidi ambao usalama wao unategemea ukimya wangu. Jambo lenyewe, hata hivyo, si siri. Kila robo mwaka takwimu zetu husomwa hadharani: malori yaliyokamatwa, idadi ya mbao, magunia ya mkaa, watuhumiwa waliofikishwa kituoni. Watu hupiga makofi. Mimi ni mmoja wa wanaozijaza zile fomu, na ninakuomba uache kutupima kwa hesabu hiyo.

Mpaka mbao zinapanda lori, mti umeshakufa, mkataji ameshalipwa ujira wake, kibali kimeshapatikana au kughushiwa, na mwenye fedha yuko mbali kabisa na barabara. Tunayemkuta kwenye kizuizi cha barabarani ni dereva na utingo wake. Tukibahatika kuingia porini tunamkuta mkataji, mara nyingi kijana aliyekopeshwa msumeno wa mnyororo na petroli, anayedaiwa hata kabla mti haujaanguka. Hao ndio wanaojaza takwimu zetu. Aliyegharamia safari nzima haonekani kwenye fomu yoyote, na fomu yenyewe haina sehemu ya kumwandika.

Naomba nikueleze kazi hii ilivyo inapofanywa inavyotakiwa, kwa sababu nahofia taarifa zinazokufikia huanzia barabarani.

Kesi ya msitu inaanzia kwenye kisiki. Urefu wa kisiki kutoka ardhini unakuonyesha kama mkataji alikuwa na haraka au alikuwa na nafasi ya kuinama. Upande ulikochongwa mdomo wa kuangushia unakuambia mti ulielekezwa wapi; ukiufuata mwelekeo huo utakuta kilele na matawi yaliyoachwa, na pengo lililobaki kati ya kisiki na kilele ndio urefu wa magogo yaliyoondoka. Unapima kipenyo pande mbili. Unapiga picha rula ikiwa ndani ya picha, unachukua kodineti za GPS, unatafuta alama ya nyundo, ile inayogongwa na maofisa wa misitu kwenye mti ulioruhusiwa kukatwa, na kuangalia kama imechongwa ili ifutike. Unga wa msumeno ukiwa bado na rangi na harufu yake, kazi ni ya juzi. Ukishapauka na kushikana na udongo, mvua imekutangulia. Kisha unakata kipande cha duara juu ya kisiki, unakifunga, unakitia lakiri na kukipa namba. Siku gogo litakapopatikana, kipande hicho kinalinganishwa na tako lake: pete za ukuaji, ufa wa moyo, njia za wadudu, umbo la gome. Nimewahi kumshuhudia mtuhumiwa akikana kwa sauti kubwa kwamba hajawahi kuukanyaga msitu ule, mpaka vipande viwili vilipowekwa mezani mbele ya hakimu na ufa mmoja ukaonekana ukipita katika vyote viwili. Utetezi ulibadilika palepale.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1935, katika kesi ya kutekwa na kuuawa kwa mtoto wa rubani Charles Lindbergh huko New Jersey, Marekani, mtaalamu wa mbao Arthur Koehler, kutoka maabara ya serikali ya mazao ya misitu mjini Madison, Wisconsin, aliieleza mahakama jinsi alivyozifuatilia mbao za ngazi iliyoachwa eneo la tukio. Alisoma mikwaruzo iliyoachwa na visu vya mashine ya kuranda, akafika kwenye kiwanda cha South Carolina, na kutoka huko akafika kwenye duka la mbao la Bronx, New York. Ubao mwingine wa ngazi hiyo aliulinganisha na sakafu ya dari ya nyumba ya mtuhumiwa kwa pete zake na matundu ya misumari. Hapakuwa na kompyuta wala vinasaba. Palikuwa na mtu mwenye lenzi, aliyepewa muda.

Vinasaba navyo vimekuja. Mwaka 2021 huko Tacoma, jimbo la Washington, baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani mtu aliyekata miti katika Msitu wa Taifa wa Olympic, miti ambayo mbao zake zenye mawimbi hutafutwa sana kwa kutengenezea ala za muziki. Kiwandani alikuwa amepeleka vibali vya kuonyesha kwamba mbao zimetoka shamba la mtu binafsi. Mtaalamu alichukua vinasaba vya mbao zilizouzwa na vya mabaki ya miti iliyokatwa msituni, vikaoana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ushahidi wa vinasaba vya mti kutumika katika kesi ya jinai ya shirikisho nchini humo. Nauleta mfano huu kwa sababu karatasi zilikuwepo, tena za kuridhisha mnunuzi. Kama asingekuwepo mtu wa kurudi mpaka kwenye visiki, karatasi zingeshinda.

Sasa linganisha na hali yetu. Taarifa ya ukataji ikifika, gari liko kizuizini likisubiri malori, maana malori ndiyo yanayohesabiwa. Kisiki kinatembelewa baada ya mvua, au hakitembelewi kabisa. Wahusika nao wanalijua hilo. Visiki vinachomwa moto, vingine vinafukiwa kwa udongo na majani, na siku tunayofika tunakuta majivu.

Lori lisilo na karatasi halinisumbui sana. Hilo atalikamata hata askari wa kwanza kuliona. Linaloninyima usingizi ni lori lenye karatasi safi. Kibali kimoja hupitisha mzigo wa leo, wa kesho na wa mwezi ujao. Tarehe inafutwa, ujazo unapunguzwa, aina ya mti inaandikwa nyingine. Mambo haya yapo duniani kote. Mwaka 2015 kampuni ya Marekani ya kuuza sakafu za mbao, Lumber Liquidators, ilikiri makosa mahakamani. Waendesha mashtaka walionyesha kwamba mialoni ya Mashariki ya Mbali ya Urusi ilitangazwa forodhani kuwa imetoka Ujerumani, na kwamba kibali kimoja cha uvunaji kilitumika mpaka mbao zilizoingizwa kwa jina lake zikazidi kiwango kilichoruhusiwa kwa zaidi ya asilimia 800. Nchini Brazili, katika jimbo la Pará, iligundulika mwaka 2008 kwamba wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa kompyuta wa vibali vya usafirishaji na kuhalalisha takribani mita za ujazo milioni 1.7 za mbao. Kizuizi gani kingeyakamata hayo? Kila lori lilikuwa na hati yake.

Wizi wa namna hii unakamatwa mezani. Unachukua vibali vyote vya eneo moja, unajumlisha ujazo, unalinganisha na hati za kusafirishia, halafu na daftari la mapokezi la kiwanda, halafu na mauzo yake. Gogo likipasuliwa, kiwanda cha kawaida hupata karibu nusu ya ujazo wake kuwa mbao, mara nyingi pungufu. Kingine ni magamba na unga. Kwa hiyo kiwanda kinachoonyesha kwamba kiliingiza magogo ya mita za ujazo 100 na kikauza mbao za mita 90 kimejishtaki chenyewe: kuna magogo yaliyoingia usiku. Hesabu hiyo inataka siku kadhaa za kukaa na makaratasi, na kwenye fomu ya robo mwaka siku hizo zote zinaandikwa sifuri. Mwenzangu aliyebaki kizuizini anaandikiwa malori matatu. Unadhani kijana anayeanza kazi atachagua lipi?

Kuna na suala la kuzitambua mbao zenyewe. Mwaka 2022, mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyamapori walio hatarini kutoweka, uliofanyika Panama uliingiza katika Kiambatisho cha Pili aina za Kiafrika za jamii za mninga, mkongo na mkangazi. Maana yake ni kwamba biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali maalumu, na ofisa anayekagua shehena awe na uwezo wa kuitambua mbao iliyokwisha kupasuliwa, isiyo na gome wala jani. Hilo linawezekana: unasafisha ncha ya ubao kwa wembe mkali, unaweka lenzi inayokuza mara 10, unasoma matundu na mistari, unalinganisha na sampuli zinazojulikana. Lenzi ni kifaa kidogo cha mfukoni. Sampuli zinakaa kwenye sanduku. Wengi wetu hatuna vyote viwili, na wasafirishaji wanaandika jina lolote wanalotaka.

Linaloniumiza kuliko yote ni vielelezo, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu nitasema wazi. Mbao tulizokamata hulundikwa uani, zinapigwa na jua na mvua, kisha kwa hoja kwamba zitaoza zinapigwa mnada haraka. Hoja ya kuoza ni ya kweli. Lakini mnada ukitangulia sampuli, picha na vipimo, kesi imeuzwa pamoja na mbao. Tena mnunuzi mara nyingi ni mtu wa mwenye mali yuleyule. Hununua kwa bei ya chini, na mbao zilizoingia kwetu kama mali ya wizi zinatoka na risiti ya serikali. Kuanzia hapo ni halali, na hakuna mpelelezi atakayezigusa. Nimesimama uani nikitazama mzigo niliouandikia hati ya ukamataji ukipakiwa upya kwenye lori la rangi ileile. Naomba uagize kwamba hakuna mnada bila sampuli kuchukuliwa, bila amri ya mahakama, na bila jina la mnunuzi kuchunguzwa na kutangazwa. Agizo hilo halihitaji bajeti.

Vivyo hivyo kwa tabia ya kumalizana ofisini kwa faini. Kwa mwanakijiji aliyebeba kuni sina ugomvi nayo. Kwa mfanyabiashara wa shehena, faini iliyo ndogo kuliko faida inakuwa moja ya gharama za usafiri, kama mafuta ya dizeli.

Najua utaambiwa kwamba malori ndiyo yanayoeleweka na wabunge na wananchi, na kwamba vizuizi vinatisha wahalifu. Sisemi vizuizi vifungwe. Nasema lori liwe ukurasa wa kwanza wa jalada. Ripoti ya mwaka 2012 ya Interpol na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ilikadiria kwamba kati ya asilimia 15 na 30 ya mbao zinazouzwa duniani zimetokana na uvunaji haramu. Biashara ya ukubwa huo haiendeshwi na madereva.

Na kufuata fedha kunazaa matunda. Brazili ilianzisha mpango wake wa kulinda Amazon mwaka 2004, ikatumia satelaiti kuwapeleka wakaguzi mahali msitu unapofyekwa, na mwaka 2008 ikawazuia kupata mikopo ya benki wenye mashamba wasioweza kuthibitisha kwamba wanafuata sheria ya mazingira. Ufyekaji ulikuwa kilomita za mraba 27,772 mwaka 2004. Mwaka 2012 ulikuwa 4,571. Zilikuwepo sababu nyingine pia, bei za mazao zikiwemo, lakini usimamizi ulipolegezwa idadi ilipanda tena, ikafika 13,038 mwaka 2021. Mkopo uliozuiwa ulimgusa mtu ambaye hajawahi kushika msumeno.

Huku kwetu, jalada likianza kupanda kutoka kwa dereva kwenda kwa mwenye mali, simu huanza kuingia. Hakuna anayeamuru jalada lifungwe. Anayepiga anauliza tu kwa nini inachukua muda, anapendekeza nguvu zihamie eneo lingine, anakumbusha kwamba robo mwaka inakwisha na takwimu bado ni ndogo. Baada ya wiki chache mpelelezi anahamishwa, na anayepokea jalada anaanza upya na dereva. Mkataji aliyekuwa tayari kumtaja aliyemkopesha msumeno anasikia uhamisho huo kabla yetu, na hasemi tena. Ninaomba kila maelekezo juu ya jalada lolote la misitu yatolewe kwa maandishi na yabaki ndani ya jalada lenyewe, na mpelelezi asihamishwe kutoka kwenye kesi ambayo shahidi wake bado hajasikilizwa.

Mheshimiwa, huhitaji kusubiri sheria mpya ili kuanza. Takwimu za robo ijayo zitakapoletwa mezani kwako, chagua lori moja kati ya hayo yaliyohesabiwa na uitishe jalada lake. Uliza visiki vya mzigo ule viko wapi na nani alivipima. Uliza kibali kilichotumika kilikuwa kimeshapitisha mita ngapi kabla ya siku ile. Uliza nani aliwalipa dereva na wakataji, na kama ameshahojiwa. Uliza mbao ziko wapi leo, na kama ziliuzwa, nani alizinunua. Majibu uyaitishe kwa maandishi kutoka kwa aliyepeleleza, na umpe muda wa kuyatafuta.

Kwa heshima,
Mpelelezi wa makosa ya misitu