Sala ya Waamini isigeuzwe hotuba ya pili

Ndugu Mhariri,

Katika parokia nyingi Misa ya Dominika huenda vizuri hadi mwisho wa Nasadiki, yaani kanuni ya imani. Hapo msomaji hupanda mimbarini na karatasi iliyokunjwa mara nne, na kwa dakika saba au nane watu husimama wakisikiliza maneno ambayo mengine ni matangazo, mengine mahubiri, na mengine sifa za wafadhili. Mwisho wa kila fungu huitikia "Twakuomba utusikie", lakini ukimuuliza mmoja wao mlangoni ameomba nini, hana jibu. Sisi tunaohudumu katika liturujia tunaandika kuitetea sala hiyo, Sala ya Waamini, yaani maombi ya pamoja ya watu, kwa kuwa ndiyo sehemu ya Misa iliyobeba jina la waamini, nayo ndiyo inayoandaliwa kwa haraka kuliko zote.

Sala hii ni ya kale. Mtakatifu Yustino, akiandika Roma yapata mwaka 155, anaeleza kwamba siku ya Jua, yaani Dominika, baada ya masomo na mawaidha ya kiongozi, wote waliinuka pamoja wakasali, ndipo mkate na divai vikaletwa. Kabla yake, waraka wa kwanza kwa Timotheo ulikwisha kuagiza kwamba dua na maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote, pamoja na wafalme na wenye mamlaka. Karne zilivyopita sala ikafifia. Katika Misa ya Kilatini ya zamani, padre aliwageukia watu kabla ya matoleo, akasema "Oremus", yaani "Tuombe", kisha hakuna sala ya pamoja iliyofuata. Wataalamu wengi wa liturujia huliona neno hilo kuwa kisiki cha mti uliokatwa. Ijumaa Kuu ndiyo iliyoitunza wazi zaidi, kwa maombi yake makuu kumi: nia, yaani jambo la kuombewa, inatangazwa, watu wananyamaza, kisha padre anasali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, kifungu cha 53, uliagiza sala hii irudishwe baada ya Injili na homilia, yaani mahubiri, hasa Dominika na sikukuu za amri. Hicho ndicho tunachokisoma kwa kukimbia ili kwaya ianze wimbo wa matoleo.

Mwongozo wa Misale ya Kirumi unasema kwamba katika sala hii watu wanatekeleza ukuhani wao wa ubatizo. Ndiyo sababu wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, huagwa kabla yake, na ndiyo sababu katika Mkesha wa Pasaka wabatizwa wapya huishiriki kwa mara ya kwanza. Aliyebatizwa amepewa haki ya kusimama mbele za Mungu na kumwombea mtu asiyemjua wala hatamjua. Anayeandika nia akilikumbuka hilo, kalamu yake itatulia.

Muundo wenyewe ni mwepesi. Padre, akiwa kwenye kiti chake na si altareni, anawaalika watu kusali kwa maneno machache. Shemasi, mwimbaji, msomaji au mwamini mwingine anatangaza nia moja moja kutoka mimbarini au mahali pengine panapofaa. Watu, wakiwa wamesimama, wanaomba kwa kiitikio cha pamoja au kwa kunyamaza. Padre anafunga kwa sala, nao wanasema Amina. Angalia nani anasema na nani. Nia inaelekezwa kwa watu: inawaambia wamwombee nani na wamwombee nini. Mungu anaambiwa katika kiitikio na katika sala ya kufunga. Msomaji anapoanza "Tuwaombee wagonjwa", katikati akageukia "Ee Mungu, wewe unajua", kisha akamaliza kwa "ndugu zangu, tusiwasahau", msikilizaji hajui tena kama anasemeshwa au anasemewa.

Mafungu ya nia ni manne na yana mpangilio: mahitaji ya Kanisa, watawala na wokovu wa ulimwengu mzima, wanaoelemewa na shida za kila namna, mwisho, jumuiya yenyewe iliyokusanyika. Mpangilio huo una busara kubwa. Unatutoa nje kwanza, ndipo unaturudisha nyumbani. Nia zinazoanza na "sisi tuliokusanyika hapa" na kuishia na "sisi na familia zetu" zimewafungia wengine wote mlango. Kwenye ndoa, kipaimara au mazishi nia zinaweza kuegemea tukio la siku hiyo, lakini hata hapo ulimwengu usisahaulike kabisa.

Tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Nia tano zinatosha. Sita ni nyingi kidogo. Kila moja isizidi maneno 25, sentensi moja au mbili. Ikisomwa kwa utulivu inachukua kama sekunde 15. Ongeza ukimya wa sekunde 8 na kiitikio cha sekunde 4, nia moja inakuwa sekunde 27. Tano zinafika sekunde 135. Mwaliko wa padre na sala ya kufunga vikichukua sekunde 15 kila kimoja, jumla ni sekunde 165, yaani dakika tatu kasoro. Anayesema hakuna nafasi ya ukimya kwa sababu Misa itakuwa ndefu, apunguze maneno kwanza.

Huo ukimya ndio moyo wa jambo lote, nasi tunaushikilia kuliko kitu kingine chochote katika barua hii. Msomaji anapotaja wafungwa, mwamini anahitaji muda wa kumfikia mfungwa mmoja moyoni mwake. Bila muda huo, kiitikio kinakuwa itikio la mdomo tu. Ishara ya kuitikia nayo iwe ileile kuanzia nia ya kwanza hadi ya mwisho: ukimya, kisha "Ee Bwana", kisha watu. Wasomaji watano wakija na ishara tano, huyu "Tuombe", yule "Ee Baba mwema", mwingine akinyamaza tu, waamini wataitikia vipande vipande na hakuna wa kuwalaumu. Vilevile kiitikio kipya chenye maneno kumi na mawili hakishikiki kwa kusikika mara moja. Chagueni kifupi, mkiache kwa majira mazima ya liturujia. Pasaka na Noeli kinaweza kuimbwa, kwa sauti rahisi ambayo hata mtoto anaidaka.

Linganisha nia hizi mbili. Ya kwanza: "Tunakushukuru Mungu kwa kutupatia viongozi wa kamati ya ujenzi ambao wamejitoa usiku na mchana, na tunaomba wale ambao bado hawajamaliza ahadi zao waguswe mioyo, kwani nyumba ya Bwana haijengwi kwa maneno." Ya pili: "Tuwaombee wagonjwa wa parokia yetu na wanaowauguza usiku, wapate nafuu, faraja na watu wa kuwasaidia." Ya kwanza ina makosa matatu. Imeanza na shukrani, na shukrani haiitikiwi kwa "utusikie". Shukrani ina mahali pake pakubwa muda mfupi baadaye, katika Utangulizi na Sala ya Ekaristi. Imewasifu watu waliopo kanisani. Kisha imewachapa wengine waliopo kanisani, tena mbele za Mungu, mahali ambapo hawawezi kujibu. Sala isitumike kama fimbo. Ukiwa na neno na vijana, na wazazi au na kwaya, uwaambie wao wenyewe, wakati mwingine.

Majina yanahitaji uangalifu. Jina la mgonjwa lisisomwe kabla familia haijaridhia, na ugonjwa wenyewe usitajwe. Matatizo ya ndoa, madeni na kesi huombewa bila majina. Wafu waliofariki juma hilo watajwe kwa majina, yakiwa yamehakikiwa na jamaa zao, kwa kuwa jina la marehemu likisomwa vibaya familia huumia. Orodha ya majina arobaini, hata hivyo, si nia tena. Wengine wote wajumuishwe katika sentensi moja. Hapa pia kuna mkanganyiko wa kawaida: nia ya Misa, ambayo mtu ameiomba kwa padre na kuitolea sadaka, ni jambo tofauti na Sala ya Waamini. Inaweza kutangazwa mwanzoni mwa Misa. Na ikumbukwe kwamba kwa sheria ya Kanisa, kanuni ya 534, kila Dominika paroko analazimika kutolea Misa moja kwa ajili ya watu waliokabidhiwa kwake, kwa hiyo hakuna mwanaparokia anayekosa kuombewa kwa kuwa jina lake halikusomwa.

Kuhusu siasa tuseme kwa ufupi. Watawala waombewe kwa wadhifa wao, wapende haki na amani. Wakati wa uchaguzi, wapiga kura waombewe busara na utulivu. Nia inayomwezesha msikilizaji kukisia mwandishi atampigia nani kura itupwe.

Maandalizi hayahitaji zaidi ya nusu saa, ila yasiwe ya Dominika asubuhi. Alhamisi panafaa. Watu wawili au watatu wa kamati ya liturujia wasome masomo ya Dominika, wachague wazo moja la kuingia katika nia moja au mbili (zote tano zikirudia Injili, zimekuwa homilia). Wawaulize wanaotembelea wagonjwa na wafiwa hali ikoje. Watazame kilichotokea duniani juma hilo: vita, mafuriko, njaa. Ndipo waandike. Vitabu vya nia zilizotungwa tayari vinasaidia kujifunza mtindo, lakini parokia iliyozikwa na mafuriko Jumatano haiwezi Dominika kusoma ukurasa uliochapwa miaka kumi iliyopita. Padre azione nia kufikia Jumamosi ili mwaliko wake na sala yake ya kufunga vishikamane nazo.

Karatasi iwe moja, imeandikwa upande mmoja, herufi kubwa za kusomeka kwa umbali wa mkono, nia moja kila aya, nayo ikae ndani ya jalada. Simu haifai: kioo huzima katikati ya sentensi, ujumbe huingia, na watu humwona msomaji akitelezesha kidole badala ya kusali nao. Nia za papo kwa papo, kila mwenye neno akisema lake, zinafaa kikundi kidogo. Mbele ya watu mia tano, wa nyuma hawasikii, na mmoja akianza kusimulia maisha yake hakuna njia ya upole ya kumzuia.

Msomaji mmoja anatosha. Wakiwa watano, wasimame karibu na mimbari tangu sentensi za mwisho za Nasadiki, maana kila mmoja akitoka bencini kwake, kutembea kunakula muda kuliko kusali. Kipaza sauti kiwe umbali wa kiganja hivi kutoka mdomoni, kikiwa kimerekebishwa kabla ya kusema. Kanisa lenye mwangwi linataka mtu asome polepole, amalizie silabi za mwisho. Kosa moja dogo linaharibu mengi: msomaji kuitikia ndani ya kipaza sauti. Sauti yake inawafunika watu, nao taratibu wanamwachia kazi. Baada ya kutaja kiitikio mara ya kwanza, asogee nyuma nusu hatua na kuwaacha waitikie wenyewe.

Mwisho wa sala nao una fujo zake. Watu huketi baada ya nia ya tano, wenye vikapu vya sadaka huanza kutembea, mpiga kinanda hugusa wimbo, na padre anafunga sala akiwa peke yake. Kila mtu abaki mahali pake hadi Amina. Mahali pengine Salamu Maria imechukua nafasi ya sala ya kufunga. Tunaipenda sala hiyo, lakini kazi ya kukusanya maombi ya watu na kuyapeleka kwa Mungu ni ya anayeongoza ibada. Salamu Maria ina mahali pake katika Rozari na katika sala ya Malaika wa Bwana.

Dominika ambayo padre hakufika, katekista au mlei mwingine akiongoza ibada ya Neno, sala hii ina uzito uleule. Mwongozo uliotolewa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya ibada hizo unamtaka mlei asikalie kiti cha padre wala asitumie salamu za padre kama "Bwana awe nanyi". Anaalika kwa maneno mepesi, nia zinatangazwa, ukimya unatunzwa, anafunga.

Tunawaomba maparoko na kamati za liturujia waanze na zile sekunde 8. Msomaji ahesabu moyoni polepole. Dominika ya kwanza wengine watadhani amepoteza mstari, watakohoa, na baadhi wataitikia kabla ya wakati. Asiwakemee wala asiharakishe. Amalize kuhesabu, ndipo aseme "Ee Bwana".

Wahudumu wa liturujia parokiani