Ukame: tuanze na maji yanayovuja

Mhariri,

Kila ukame unapoingia, mawaidha tunayopewa ni yale yale: tuoge haraka, tufunge bomba tunapopiga mswaki, tusioshe magari kwa mpira. Siyapingi hata moja. Ninalosikitikia ni kwamba yanasahau maji ambayo hayamnufaishi mtu yeyote, yale yanayovuja usiku na mchana huku kila aliyemo nyumbani akiamini kwamba anabana matumizi.

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takribani lita 20 kwa siku, yaani dumu zima la maji safi, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha kipande cha mpira kilicholika ndani ya koki. Choo kina hatari zaidi kwa sababu huvuja kimyakimya. Nyumbani kwangu nililitambua hilo baada ya kusoma mita kabla ya kulala na kuisoma tena alfajiri, kabla mtu yeyote hajagusa bomba, nikakuta namba zimesogea. Nilitia rangi ya chakula katika tangi la choo, na baada ya nusu saa, bila mtu kuvuta maji, rangi ile ilikuwa imeshuka hadi chini chooni. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimewakaripia wanangu kwa kuoga muda mrefu, ilhali kosa halikuwa lao.

Hata kisipovuja, choo cha zamani huweza kumaliza lita 13 au zaidi kila kinapovutwa, wakati vingi vya kisasa hutosheka na lita 6. Asiye na uwezo wa kukibadilisha anaweza kukimwagia maji aliyosuuzia nguo, mradi asiyalaze zaidi ya siku moja, kwa kuwa huchacha na kunuka, wala asiyamwagilie mboga zinazoliwa mbichi. Maji safi ya akiba nayo yafunikwe vizuri, maana mbu waenezao homa ya dengi huzaliana katika vyombo vya namna hiyo.

Kuna mahali ambapo kubana ni kosa, napo ni katika maji ya kunywa na ya kunawa mikono. Familia inayoacha kunawa ili iokoe ndoo moja inajitafutia kuhara. Mwaka 2018 wakazi wa Cape Town walitakiwa wasizidishe lita 50 kwa mtu kwa siku, kwa mahitaji yote, na katika kiwango kidogo namna hiyo kila lita inayovuja inatoka katika kinywa au mikono ya mtu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Gazeti lako lichapishe, kwa picha, jinsi ya kusoma mita ya maji, kwani wengi wetu tunaiangalia bili tu. Wenye nyumba nao watengeneze mabomba na vyoo mara wapangaji wanapotoa taarifa, kwa sababu mpangaji hulipia maji yanayopotea lakini mara nyingi haruhusiwi kugusa mabomba hayo.

Wako,
Msomaji