Harambee ya maonyesho ya magari ya zamani: mwaka huu tunaomba mbao, bima na vyoo

Ndugu wanachama, majirani, na nyote mnaopenda vyuma vya kale,

Kila tunapoanza kuchangisha, swali la kwanza huwa ni lile lile: mwaka huu kuna nini? Farasi wa mbao wa kuzunguka watakuwepo? Na lile gurudumu kubwa la kupanda? Vyote vipo, pamoja na safu za magari, pikipiki, matrekta, na ule mtambo wa mvuke ambao watoto walikataa kuondoka mbele yake. Wenye magari huja kwa gharama zao wenyewe, na hatujawahi kupungukiwa na wa kuleta. Tunachopungukiwa ni fedha za vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha. Kwa hiyo tunaziomba waziwazi, bila haya.

Tuanze na mbao, maana hapo ndipo tulipoumia. Mwaka jana mvua ilinyesha usiku wa kuamkia Jumamosi. Mtambo wa mvuke wa kukokota, wa aina iliyokuwa ikizungusha mashine za kupuria nafaka mashambani, huwa na uzito wa tani 10 au zaidi, na uzito wote huo hubebwa na magurudumu ya chuma. Sisi wa kamati tulikuwa tumenunua mbao za kutandika chini ya magurudumu kwa njia moja tu, tukajipongeza kwa kubana matumizi. Mtambo ulipokata kona kuelekea uwanjani, gurudumu moja la nyuma likatoka kwenye mbao, likazama.

Aliyekuwa mbali aliona kichekesho. Aliyekuwa karibu alimwona fundi akibadilika uso, kwa sababu moto ulikuwa umeshakolea. Boila ikiinama, maji hukimbilia upande mmoja na yanaweza kuacha wazi paa la tanuri, yaani chumba cha moto kilicho ndani ya boila. Ndiyo maana juu ya tanuri huwekwa kizibo chenye kiini cha madini ya risasi: maji yakipungua, risasi huyeyuka, mvuke ukamwagikia moto kabla chuma chenyewe hakijalegea. Fundi hakutaka kufika huko. Alikikodolea macho kile kioo cha kupimia maji, kisha akaukomba moto wote nje kwa koleo. Ilibidi boila ipoe, mtambo uvutwe, moto uwashwe upya, na kuupasha mtambo wa namna hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Foleni ya watoto tuliitazama ikiyeyuka. Kosa lilikuwa letu, na mbao tulizokataa kununua zingekuwa rahisi kuliko siku ile.

Pili ni ukaguzi na bima. Bembea na farasi wa mbao wanaohamahama hufunguliwa na kufungwa upya kila wanakokwenda. Kila pini imetolewa na kurudishwa, kila bolti imekazwa na mkono wa mtu aliyelala usingizi au asiyelala. Mkaguzi hupita, halafu mashine huzungushwa tupu kabla mtoto wa kwanza hajapanda. Boila nayo hukaguliwa ikiwa baridi, na tena ikiwa na mvuke. Gharama hizo hazipungui hata wakija watoto watatu, na hatuwezi kungoja mapato ya getini ndipo tuzilipe.

Vyoo sitavieleza. Waliokuja mwaka jana wanajua.

Mtu anaweza kuuliza, shida yote hii ya nini kwa ajili ya magari makuukuu? Njoo usimame karibu na Ford Model T asubuhi. Magari hayo yalitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na mengi ya mwanzo huwashwa kwa hendeli mbele ya rejeta. Mzee wetu mmoja huwafundisha vijana: shika kwa mkono wa kushoto, dole gumba lilale upande mmoja na vidole vingine, vuta kwenda juu, usisukume kamwe kwenda chini. Injini ikirudisha teke, hendeli itateleza mkononi na kukuacha na kifundo chako cha mkono kizima. Kisha huwaambia kwamba gari hili halikuwa na pampu ya mafuta, petroli ilishuka yenyewe kutoka tangi lililo chini ya kiti, hivyo mlima mkali watu waliupanda kinyumenyume. Hapo ndipo kijana huacha simu na kuinama kutazama.

Mambo hayo hukaa mikononi mwa watu wachache, na wengi wao wamezeeka. Ndiyo maana fedha zitakazobaki baada ya gharama hazirudi kwenye sherehe. Zinakwenda kwenye karakana yetu ya Jumamosi, ambako vijana wanajifunza kufungua kabureta, kuweka taimingi ya cheche za injini kwa sikio na kuchonga spea ambayo haiuzwi tena popote. Spana tunazo za kugombania.

Michango ipelekeni kwa mweka hazina au mjumbe yeyote wa kamati, na msiondoke bila risiti. Ahadi tunaziandika, na tunaomba zitimizwe mwezi mmoja kabla ya maonyesho, kwa kuwa mkaguzi na bima hulipwa mapema. Asiye na fedha alete mbao nene, mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujapita, turubai, au tangi la maji, maana boila hunywa kama ngamia aliyevuka jangwa. Hesabu zote tutazibandika getini Jumapili jioni, ikiwemo ile ya vyoo.

Tena tunahitaji watu 20 wa kubaki Jumapili usiku kuziinua mbao hizo. Glavu tutatoa sisi.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya maonyesho